Mbuzi Waliojua Mluzi wa Baba

Harufu ya mbuzi walioloa mvua bado inanisimamisha. Leo imenikuta sokoni Butembo, pakiti ya chumvi mkononi, na mara moja nikawa tena kwenye uwanja wa mpira wa kijiji chetu.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini, mama na mimi tu, bila baba. Mbuzi tuliowaacha walikuwa wamegeuka wanyama wa mlimani, wanakula muhogo wa kila mtu. Leta, ndivyo tulivyoita serikali yoyote iliyokuwepo, ikatuma askari wawakusanye. Wakawafungia karibu na goli, ndani ya ua wa matawi ya mikaratusi.

“Kila mutu aite yake,” karani akasema. “Ile haitakuja, ni ya Leta.”

Mama akaingia, nami nyuma yake, akanyoosha kiganja cha chumvi, akaita. Hakuna mbuzi aliyeinua kichwa. Baba ndiye aliyewachunga, na aliwaita kwa mluzi.

“Mama, piga mluzi,” nikamnong’oneza.

“Mwanamuke hapigake mluzi.”

Karani akaanza kufunga daftari. Ndipo mama akalowesha midomo, na mbele ya wazee wote wa kanisa akapiga mluzi ule ule wa baba, mrefu, unaokatika mwishoni.

Mbuzi wetu watatu wakaja mbio. Wakaipita chumvi, wakampita mama, wakasimama nyuma yetu, wakiangalia barabara tuliyorudia.

Mama hakugeuka.