Majina ya Waliokosa Mkutano

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya, mzee mzima na mvi zangu. Nimesikia umechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Hongera sana. Sasa keti hapa, weka hiyo simu kando kidogo, nikuambie nilivyokuwa mwenyekiti nikiwa na umri kama wako.

Ilikuwa huku huku Olenguruone, kwenye chama chetu cha maziwa. Lori lilikuwa likivuka mto na kupanda kilima kuchukua mitungi ya akina mama wa ng'ambo. Njia ilikuwa matope matupu, na dereva alilalamika kila siku. Mimi nikaona dawa ni rahisi: tufunge kituo cha kilimani, kila mtu alete maziwa yake huku kwenye lami. Nikaitisha mkutano. Wapi? Papo hapo kwenye lami, katikati ya mvua za masika. Na unaijua milima hii ya Mau mvua ikiamua kunyesha!

Watu walijaa. Mikono ikainuliwa, hakuna aliyepinga. Penye wengi pana Mungu, nikajiambia, nikagonga meza. Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyeshinda kiti cha ubunge.

Wiki ya tatu akaja ofisini Gogo Tapkigen, nyanya mmoja wa kule ng'ambo, mjane, aliyeishi kwa ng'ombe wake mmoja aitwaye Rosi. Hakuja na makelele. Alinisalimu, akauliza hali ya mama yangu, akakataa kiti.

"Mwenyekiti, nisomee majina ya wale walikuja kwa mkutano."

Nikafungua kitabu cha kumbukumbu kwa madaha, nikamsomea. Alisikiliza mpaka jina la mwisho.

"Sasa nisomee ya wale hawakukuja."

"Gogo, hayo huwa hatuandiki."

"Na ulituuliza kwa nini hatukukuja?"

Nikainamia kitabu.

"Mto ulikuwa umejaa," akasema. "Mto ulitukataza kuja kwa mkutano. Na ni huo huo unataka tuvuke kila asubuhi na mtungi kwa mgongo. Nimeanguka mara mbili, maziwa yote yakaenda na maji. Nikianguka tena, nampeleka Rosi sokoni."

Loo! Nilipitisha kidole kwenye yale majina, moja baada ya jingine. Wote walikuwa wa upande wa lami. Waliokosa mkutano ndio hasa wenye shida, na shida yenyewe ndiyo iliyowazuia kuja. Nami kimya chao nilikuwa nimekihesabu kuwa ndiyo. Kimya kingi kina mshindo, mwanangu, ila mimi nilikuwa nasikia makofi tu.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na hili linaniuma kuliko lile la kwanza. Ningeweza kumwambia dereva apande kilima kesho yake. Nilikuwa na uwezo huo. Lakini niliogopa kuitwa kigeugeu. Nikamwambia Gogo avumilie, tutalizungumza mkutano ujao, mwisho wa mwezi.

Mkutano huo niliupeleka ng'ambo, kwenye uwanja wa kanisa. Tulivuka mto tumekunja suruali, na mweka hazina wetu, mtu mwenye kujipenda sana, akapoteza kiatu. Hatukuchukua hata nusu saa: lori lirudi kilimani. Akina mama wakapiga vigelegele. Gogo Tapkigen alikuwa ameketi mbele, mikono mapajani. Nikamwendea, nikapiga goti, nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe, mtoto wangu," akasema, akanishika shavu. "Lakini Rosi nilimuuza wiki jana."

Nililia pale pale mbele ya kamati yangu. Baadaye tulichanga tukamnunulia ndama, ndama mzuri kweli. Lakini ndama anahitaji miaka kabla hajakamuliwa, na Gogo hakuwa na miaka hiyo.

Basi ukiitisha mkutano wako wa maji, usiwe na haraka ya kuhesabu mikono. Tazama kwanza nani hayupo. Uliza kimemzuia nini, kisha umfuate huko aliko kabla hujagonga meza, kwa maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ukigundua umekosea, geuka siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Wakuite kigeugeu, haidhuru, watachoka. Mimi ningeitwa kigeugeu wiki moja tu, na yule mama angekufa akinywa chai ya maziwa ya ng'ombe wake.

Mungu akupe miguu ya kuwafikia walio mbali, na ulimi mwepesi wa kusema nimekosea. Enda salama, mwanangu. Uamuzi wako usimlize mama wa mtu.