Pemba Juu ya Namba Nyekundu

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilirudi Kolwezi baada ya miaka mingi ya kukaa Lubumbashi, na kilichonipokea kwanza hakikuwa mtu, kilikuwa namba. Mia moja na nne, kwa rangi nyekundu, juu ya ukuta wa nyumba yetu ya Manika, kando tu ya mlango. Teksi-moto iliponishusha nilisimama na mfuko mkononi, nikajisemea: basi, imekwisha, nyumba ya Kambo inaondoka. Mdogo wangu wa kike, anayeishi humo na wanawe, alitoka akaniona nilivyo, akanipa simu yake nisome. Ulikuwa ujumbe wa ofisi ya meya: wakazi wasiwe na wasiwasi, namba mpya ni za kutambulisha nyumba na avenue, si za kitu kingine. Nikakaa pale pale kizingitini. Rafiki yangu, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mdogo wangu alijua vizuri ninamcheka nani.

Nilikuwa ninamcheka Kambo, mama yake mama. Kambo ndivyo tunavyowaita bibi na babu kwetu. Na nilikuwa ninajicheka mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na miaka tisa siku zile, na mikono yangu ilikuwa nyeupe mpaka kwenye viwiko.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati komini, tarafa ya mji, iliitwa zone na kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, hata mlevi wa kona. Avenue yetu, njia yetu ya mtaani, ilikuwa ya mwisho upande ule. Baada yetu vilikuwa vichuguu vya mchwa, majani, halafu vilima vya udongo uliotolewa mgodini. Kila mchana mgodi ulipolipua mwamba, sahani za Kambo zilitetemeka kabatini, naye alisema "tumesikia" bila kuinua macho kutoka kwenye kinu cha sombe, kisamvu chetu. Nyumba zilikuwa za matofali ya kuchoma, mabati juu, na hakuna hata moja iliyokuwa na maji.

Maji yalikuwa sokoni. Bomba moja kwa watu wote wa upande wetu. Kabla ya shule mimi na Kambo tulikuwa tumekwisha kupanga beseni yetu kwenye mstari, na beseni ilijulikana kwa kibandiko chake: yetu ilikuwa imezibwa tundu kwa kipande cha ndara. Kurudi ilikuwa kupanda. Kambo alikuwa na goti baya, na kila alipofika kwenye mparachichi wa njiani alisimama, beseni kichwani, akisingizia kwamba anataka kunionyesha kitu fulani. Nilitazama nilichoonyeshwa. Mtoto wa siku zile alijua lini asione.

Habari za mji zililetwa na baiskeli. Mtangazaji wa zone alikuwa mzee mwembamba, kofia ya kitambaa, kipaza sauti cha betri kikiwa kimefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tairi. Alianza kila tangazo kwa neno la Kifaransa la tangazo, avis, mara mbili, kwa hiyo sisi watoto tulimwita Tata Avi, yaani Baba Avi, na wakubwa wakafuata. Alipita jioni, wakati bukari, ugali wetu, inakorogwa na moshi wa majiko ya mbabula umejaa nyua. Chanjo ya watoto kesho dispensari. Mbwa wafungwe. Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, kila mtu aje na jembe lake. Akimaliza kwa Swahili alirudia kwa Tshiluba kwa ajili ya akina mama wazee waliotoka Kasai kama Kambo. Halafu alishuka, akapewa kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na hapo ndipo tangazo lenyewe lilipoanza. Watu walimwuliza. Chanjo inauma? Mbwa mwenye mimba naye afungwe? Alijibu yote, na asichokijua alikwenda kukiuliza ofisini, akarudi nacho kesho yake.

Sasa, mwaka ule, mwisho wa kiangazi, Tata Avi alipotea. Juma la kwanza hatukujali. Juma la pili wakaja wanaume wawili na ndoo ya rangi nyekundu, rangi ya mafuta, asubuhi ambapo wakubwa wengi wako kazini au sokoni. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiandika namba ukutani. Nyumba yetu ilipata kumi na saba. Niliwauliza ni ya nini. "Batu balitutuma," mmoja akasema, yaani wametumwa tu, akaenda zake.

Kambo alirudi kutoka sokoni, akatua mzigo, akatazama ukuta. Sikuwahi kumwona ameogopa kabla ya siku ile. Kwa sababu ukae ukijua, alikwisha kuhamishwa mara moja. Babu alipokuwa bado mfanyakazi wa mgodi, cité yao ya kwanza, mtaa wa wafanyakazi, iliandikwa rangi ukutani, na baada ya muda yakaja malori, kwani shimo lilikuwa linapanuka na nyumba ziko njiani. Alipakiwa na kuku wake, kinu chake, na mlango wa nyumba alioung'oa mwenyewe asiuache. Mlango huo ndio uliokuwa mlango wetu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Mi nilishaona hii rangi," akawaambia wanawake waliokusanyika. "Leo banaandika, kesho banaleta camion. Nyumba yenye haina namba, batabomoa nini?"

Akaniagiza pemba.

Pemba ni udongo mweupe. Wanawake wa kwetu huukoroga na kupaka nyumba kukiwa na kipaimara au ndoa, na Kambo alijulikana kwa pemba yake. Aliikoroga na maji mazito yaliyoloweka muhogo, ikashika kama chokaa. Jirani yetu mwenye duka, Mwislamu wa upande wa Maniema aliyeuza chumvi, sabuni na samaki wa chumvi tunaowaita makayabo, alikuja na kanzu yake na Swahili yake safi, akajaribu kumzuia. "Mama, tungojee tangazo kwanza," alisema. "Rangi haina kinywa." Kambo akamjibu kwamba lori nalo halina kinywa, na linabeba. Hata yeye mwenye duka, ilipofika jioni ya pili, alikuwa ananunua pemba.

Baada ya siku mbili avenue nzima ilikuwa nyeupe. Nitasema kweli: nilifurahi sana. Nilipaka nyumba yetu, nilipaka kwa mjane wa ng'ambo mwenye mapacha, nilitembea nikijiona mwokozi wa watu.

Alhamisi jioni tukasikia kengele ya baiskeli, na sauti ile, kubwa kuliko zamani.

"Avis, avis! Zone inajulisha raiya bote: siku ya posho, kazi ya mayi itaanza mu hii avenue. Kila nyumba yenye iko na namba nyekundu itapata robine. Yenye haiko na namba, ingoye programme ingine!"

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Robine ni bomba la maji. Maji nyumbani, uani, mlangoni! Na nyumba ishirini na mbili zilikuwa zimesimama pale, nyeupe pe.

Mwiko wa mtu ulianguka kwenye sufuria. Tata Avi alishuka, akatazama kulia na kushoto, akatabasamu. "Bamama, nyumba yote mweupe hivi, muko na feti gani, ya ndoa?"

Kambo akamwendea. "Tata, ulikuwa wapi?"

"Mapile ilikufa, mama. Niliomba ingine ku bureau, bakaniambia ngoya."

"Na kinywa yako? Nayo ilikufa?"

Maskini, alibaki anashika kofia yake. Akasema betri zikifa kipaza sauti hakisemi, na bila hicho nani angeamini kwamba ni zone inayosema. Na, rafiki, alikuwa na haki kidogo. Tungemwambia aache umbea.

Wakamsihi aende ofisini aeleze. Akaenda kesho yake, akarudi na jibu: wakubwa wa kazi ya maji wamekwisha kuondoka na karatasi zao, na wao wanafuata namba iliyoandikwa ukutani tu. Kuandika namba upya hatukuweza. Rangi hatukuwa nayo, na mwenye duka alituonya kwamba kughushi namba ya serikali ni kasho, jela. Dawa ilikuwa moja, kuosha. Na hapo ndipo tulipojua uzito wa ujinga wetu, kwa sababu bomba la sokoni lilikuwa limekauka tangu Jumanne, na kijito cha bondeni kilikuwa tope. Tulihitaji maji ili tupate maji. Wengine walisugua kwa ufagio mkavu, lakini pemba ya Kambo haikutoka, ilitoa vumbi tu.

Wanawake hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Walipita mbele ya mlango wetu wakisalimia kwa sauti ndogo, nami nikasikia mmoja akisema nyuma ya ua kwamba Mama huyu ametunyima maji sisi na wajukuu zetu. Kambo naye alisikia. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaniambia kwa upole: "Mutoto, leta beseni."

Yalikuwa maji yetu ya kunywa, nusu beseni. Nilidhani tunakwenda kuosha ukuta wetu. Akapita ukuta wetu, akavuka njia, goti likimvuta, akaanza kusugua kwa mjane wa mapacha. Kitambaa kidogo, maji kidogo, tone kwa tone, mpaka namba yake, nane, ikatokea nyekundu. Halafu nyumba iliyofuata. Maji yaliishia kwenye nyumba ya nne, yakiwa meupe kama maziwa, na jua linazama. Nilimwambia, "Kambo, na yetu?" Akasema aliyemwaga ndiye wa mwisho kuchota. Siku ile nilimkasirikia, nakuambia wazi. Nilitaka robine.

Jumamosi asubuhi lori likaja na mabomba yake yakigongana. Kiongozi wao, mwanaume mnene mwenye kalamu sikioni, akashuka na karatasi, akatembea avenue yote, akarudi. "Namba ine tu? Ku karatasi iko makumi mbili na mbili. Hii haiko avenue yetu. Shofere, geuza!" Kambo akasimama mbele yake akieleza, sisi tukipiga kelele nyuma yake, mwenye duka akiapa kwa Mungu. Yule bwana alisikiliza kama mtu anayesikiliza kuku. Namba haiko, robine haiko. Akapanda lori.

Sasa sikiliza. Tangu alfajiri hewa ilikuwa nzito na nzi walikuwa wanauma. Lori lilikuwa bado linatafuta nafasi ya kugeukia kati ya vichuguu upepo ulipokuja kutoka upande wa Mutoshi, umebeba vumbi na harufu ile ya udongo unaolowa mbali. Halafu mabati yakalia. Mvua ya kwanza ya mwaka, ya upepo, inayopiga kutoka ubavuni. Barabara ikawa sabuni, lori likazama gurudumu la nyuma, na wanaume wote wakakimbilia kwenye baraza, kiongozi kwetu, karatasi yake ndani ya shati.

Kambo hakuingia ndani. Alisimama katikati ya njia, kitambaa cha kichwa kimemganda, akitazama kuta. Pemba ikaanza kushuka, michirizi myeupe ikitambaa hadi chini na kuingia mferejini. Kwa mwenye duka ikatokea moja, halafu tano kando yake, kumi na tano. Ng'ambo, kumi na mbili. Watoto wakaanza kuzisoma kwa sauti kadiri zilivyotokea, shule nzima ndani ya mvua, na kiongozi yule akatoa karatasi, akatoa kalamu sikioni, akawa anapiga alama bila kusema neno. Nyumba yetu ilikingwa mvua na mparachichi wa jirani, ikachelewa. Nilikuwa nimefumba macho. Mtu akanigusa bega. Ni kiongozi yule, ameegemea ukuta wetu, anautazama kando ya sikio lake.

"Kumi na saba," akasema. "Ni ya nani?"

"Yetu!" Nililia kama nimepigwa. Kambo alikaa chini, pale pale topeni, akacheka, akapiga vigelegele, na wanawake wakatoka kwenye nyumba zote wakamwinua. Yule aliyesema nyuma ya ua ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mkono.

Maji ya kwanza ya robine yetu yalikuwa mekundu kwa kutu. Kambo aliyanywa hivyo hivyo. Na jioni moja baadaye Tata Avi alipita, sauti ikikwaruza, akatangaza kwamba zone inaomba raiya ya hii avenue wasipake kitu juu ya namba kabla ya kuuliza. Avenue nzima ilicheka, na Kambo akampelekea munkoyo mwenyewe.

Robine ile ilikauka miaka mingi iliyopita, imebaki shingo ya chuma uani ambapo wapwa wangu hufunga mbuzi. Baiskeli haipo, kipaza sauti hakipo, duka limekuwa kibanda cha kuchaji simu. Habari za mji sasa zinakuja mfukoni, upesi, na ninashukuru, kwani zimeniondolea woga siku ile kwa muda wa kusoma mistari miwili. Ila hazinywi munkoyo, na huwezi kuziuliza kama mbwa mwenye mimba naye afungwe.

Nilipoinuka kizingitini kuingia ndani, niliona ndoo nyuma ya mlango, ule mlango wa Kambo. Nikafunua. Pemba, imekorogwa, nzito, inanuka muhogo.

Mdogo wangu akatazama pembeni. "Yaya, message ilichelewa kufika," akasema, yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Mi nilikuwa nilishakoroga."

Hatukuimwaga. Kesho yake tuliibeba, yeye mkono mmoja na mimi mwingine, mpaka makaburini, tukapaka kaburi la Kambo pande zote, polepole, hata vidole vikawa vyeupe. Kule hakuna namba ya kuficha, na hakuna lori litakalomhamisha tena.