Landrova ya matofali: Kaloleni nzima tuliingoja, na asubuhi ya harusi nikaivunja kwa mkono wangu

Wakuu, shikamooni wenye umri, na nyinyi wengine mambo vipi.

Nimepita ule uzi wa vijana wa vitofali vya plastiki nikakuta hawalali. Kumbe kuna Landrova ya zamani inatolewa upya, ile ya kuunganisha kipande kwa kipande, na watu wanabishana taa zitakaa wapi na spea itakuwa juu ya boneti au nyuma. Nimecheka mpaka mke wangu akaniuliza kama niko sawa.

Mabishano hayo yote sisi tulishayamaliza Kaloleni, Voi, miaka ya sabini. Landrova yetu pia ilikuwa ya matofali. Tofauti ni kwamba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, ya kuchoma kwa tanuri, na mtu mzima aliingia ndani.

Sitaongeza chumvi. Mambo yenyewe yalikuja na chumvi yake.

Mimi ni mtu wa Mwanda, kule juu milimani. Shule niliishia darasa la saba, nikashuka Voi kwa mjomba wangu Mwadime, fundi wa matofali. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga udongo na kufyatua. Nilikuwa na matope mpaka masikioni, lakini kichwani nilikuwa dereva. Landrova ya askari wa wanyama ikipita barabarani, mimi huyo nimesimama na fomu ya kufyatulia tofali mkononi, nabadilisha gia kwa mdomo. Mjomba alikuwa akisema, "Mwakio, ukifika huko unakoenda, tuletee maji."

Jirani yetu alikuwa Bwana Salimu, mpiga picha, mtu wa pwani. Studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa ndege. Unasimama kando ya ngazi, unapunga mkono, picha inaenda kwa wazee. Shida ni kwamba Kaloleni yote ilikuwa imeshapunga mkono kwa ile ndege. Watu wakaanza kumtania: "Bwana Salimu, hiyo ndege yako itaruka lini? Sisi tumechoka kuaga."

Siku moja akaniambia, "Kijana, mimi nataka gari. Gari la kuketi ndani. Lakini hata bovu silipati."

Wakuu, mimi sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia, "Si tutajenga?"

Akaniangalia. "Kujenga gari?"

"Landrova. Bwana Salimu, angalia vizuri ile gari. Pande zote imenyooka. Magari mengine yana viuno. Landrova ni nyumba iliyopata magurudumu."

Akacheka mpaka kofia ikamtoka. Akaiokota, akaipangusa vumbi. Halafu akauliza, "Waweza kweli?"

Hapo ndipo Kaloleni ilipoacha kulala.

Habari ilienea kabla sijafyatua tofali hata moja. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akawa kila asubuhi ananiuliza, "Inatoka lini?" Ni kama nina kiwanda. Nikimwambia matofali hayajakauka, analiambia jua maneno makali. Vijana waliacha kunyoa ili wanyoe siku ya uzinduzi. Jamaa fulani alitoka Makwasinyi, huko Kasigau, kuja kuuliza kama mtu anaruhusiwa kupigwa picha na mbuzi wake nyuma. Mama mmoja akataka nimwekee nafasi ya kwenda Taveta. Nikamweleza pole pole kwamba haiendi. Akaniambia, "Hata hizi zingine zinasema hivyo hivyo, halafu saa nane unaziona zinapita."

Sasa ile vita ya taa.

Landrova za zamani zaidi taa zilikaa katikati, karibu na pua. Zile mpya zilikuwa zimehamia pembeni, juu ya magurudumu. Kaloleni ikagawanyika mara mbili. Wa Katikati walisema gari yenye taa pembeni inaonekana kama chura. Wa Pembeni walisema yenye taa katikati inaonekana kama mtu anatafuta sindano. Watu waliacha kusalimiana. Mwishowe Bwana Salimu akatoa hukumu: ziwekwe zote nne. Taa zenyewe zilikuwa vifuniko vya sufuria vya mke wa mjomba, na kwa miezi mingi nyumba yetu ilikula wali wenye moshi. Shangazi zenu wa siku hizi wasingevumilia.

Tairi tulipata kuukuu, tukazizika nusu ndani ya ukuta. Usukani ulikuwa wa kweli, wa lori lililokufa. Viti vilikuwa matofali na gunia juu. Mbavu zote za gari tukaziinua mpaka kifuani, tukapiga rangi ya kijani iliyobaki kwenye paa la mtu. Kuingia ilikuwa unapanda stuli kutoka nyuma, unaruka kiti, unakaa.

Sikuweka mlango. Fundi wa ukuta, ukimwachia nafasi, anajenga ukuta. Kumbukeni hapo.

Sasa dada yangu.

Mghoi ndiye alinilea. Mama akiwa shambani, mimi nilikuwa mgongoni kwa Mghoi, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto. Alikuwa ameposwa na Josephat, kijana wa reli hapo Voi, na harusi ingefanyika kanisa la mjini. Mimi sikuwa na zawadi ya maana ya kumpa. Nilikuwa na Landrova tu. Nikaamua: siku itakapozinduliwa, wa kwanza kuketi na kupigwa picha ni Mghoi, na gauni lake.

Nikatuma ujumbe nyumbani kwa mdomo wa turniboi wa basi la Mwanda. Nilisema hivi, neno kwa neno: "Mwambie mama Landrova yangu itakuwa tayari siku ya harusi, na Mghoi ndiye wa kwanza kukaa ndani."

Turniboi alifikisha vizuri sana. Sina lawama naye.

Kitu nisichojua ni kwamba mama alikuwa ameshaahidiwa pikapu ya mwenye duka. Kwa watu wetu wakati huo, bibi harusi kufika kanisani kwa miguu ilikuwa aibu ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mama akaenda kwa mwenye duka akamwambia, "Asante baba, pikapu peleka kazi zako. Mtoto wangu ana Landrova Voi."

Asubuhi ya harusi, nje ya studio watu wamejaa. Vichwa vimenyolewa vinang'aa. Yule wa Makwasinyi na mbuzi wake ameoga, mbuzi pia. Mimi niko na shati la mjomba, nimefunika gari na maturubai.

Kwa mbali naona mama anakuja kutoka kwa mjomba, ambako basi la Mwanda liliwashusha alfajiri, kichwani ana beseni la maua. Nyuma yake Mghoi, gauni la kuazima, lile la waya chini linalofanya mtu awe kama kengele. Na mbele ya wote Shangazi Mkamburi, dada ya marehemu baba, mikononi amebeba utepe wa kufunga kwenye boneti.

Nikavuta maturubai.

Watu wakapiga kelele za furaha. Shangazi hakupiga. Alizunguka gari. Akagonga boneti na kidole, akasikia jinsi inavyojibu.

"Mwakio."

"Naam, shangazi."

"Injini iko wapi?"

"Haina, shangazi."

"Imepelekwa kutengenezwa?"

"Haijawahi kuwa nayo."

Akaukunja ule utepe wake. "Na huyu mtoto anafika kanisani na nini?"

"Mimi nilisema atakaa ndani. Apigwe picha."

"Apigwe picha," shangazi akarudia, kama mtu anayeonja dawa.

Mama aliketi chini na beseni lake la maua mapajani. Wakuu, ningekuwa na namna ya kuingia ndani ya tofali ningeingia. Nilimwangalia Mghoi nikaona kidevu kinatetemeka. Nikajua analia, na gauni lenyewe ni la watu.

Lakini Mghoi akafuta jicho, akaniambia, "Si ulisema mimi ndiye wa kwanza? Basi nisaidie nipande."

Wanawake wakamshika huku na huku, waya ukagoma, wakausukuma, akaingia. Akakaa. Akashika usukani. Akageuka kwa ule umati akasema, "Piiii! Tokeni barabarani!"

Hata mama alicheka. Bwana Salimu akakimbilia ndani kuchukua kamera yake.

Ndipo tukasikia nyimbo. Watu wa Josephat. Walichoka kungoja kanisani wakaja kumtafuta bibi harusi, na mbele yao ni mama mmoja mnene wa sauti kubwa, shangazi wa bwana harusi, anacheza anakuja.

Mghoi akaanza kuinuka. Shangazi Mkamburi akageuka kama umeme.

"Usishuke! Mghoi, kaa hapo hapo, usishuke!"

Mnajua desturi. Bibi harusi hashuki kwenye gari bure. Upande wa bwana lazima walainishe mkono kwanza ndipo mlango ufunguliwe. Shangazi akajipanga mbele ya Landrova yangu, mikono kiunoni, kama hakuna lolote la ajabu.

Yule mama mwingine akafika. "Tumekuja kumchukua mwenzetu! Mbona hamleti?"

"Tumemleta na gari mpaka mjini kwenu. Hapo palipobaki ni penu. Lakini mlango huu ni mzito, haufunguki bila leso."

"Hii gari ni ya matofali!"

"Wewe umeitiwa gari au umeitiwa mke?"

Umati ukashangilia. Leso ikatoka. Shangazi akaiangalia rangi, akasema mlango bado mzito. Ikatoka nyingine, nzuri zaidi. Shangazi akajifunga moja kiunoni, nyingine akamfunga mama begani, akapiga kigelegele.

"Haya! Mwakio, fungua mlango."

Wote wakanigeukia.

Wakuu, kumbukeni pale nilipowaambia mkumbuke.

Nikamnong'oneza, "Shangazi, hakuna mlango."

"Umejenga gari bila mlango?"

Tukajaribu kumtoa Mghoi alivyoingia. Waya wa gauni ulikuwa umejifunga chini ya usukani kama mtego. Wakivuta, gauni linalia. Yule mama wa upande wa pili ameshaanza kukunja uso. Josephat amesimama na suti yake, anatoa jasho. Na Mghoi ananiangalia, yule aliyenibeba mgongoni, ananingoja mimi.

Mjomba akapenya katikati ya watu. Alinipa nyundo tu.

Bwana Salimu akatoka na kamera wakati huo huo. "Wallahi kijana, gari langu hilo! Sijapiga hata picha moja!"

"Nisamehe Bwana Salimu," nikamwambia, "piga sasa."

Nikapiga ubavu wa kulia, pale dereva anapokaa. Kaloleni ikaguna kwa pamoja kama imefungwa bao nyumbani. Yule kinyozi aligeuza uso. Tulikuwa tumetumia udongo badala ya simiti kushikanisha, kwa hiyo matofali yalitoka vizuri, moja moja, mpaka chini. Nikainama nikaunyoosha waya, nikampa mkono.

Mghoi akashuka kwa mlango, mguu mmoja nje, vumbi jekundu mpaka magotini, mdomo wazi kwa kucheka. Bwana Salimu, analaani huku analia, akafyatua picha.

Kanisa halikuwa mbali. Tulienda tukiimba, kila mtu nyuma, na mbuzi. Mpaka leo hakuna mtu wa Mwanda aliyewahi kusema Mghoi aliolewa kwa miguu. Shangazi alishatoa tangazo: "Alishuka kwenye gari, mlinunua mlango, basi."

Niliporudi na nyundo yangu na aibu yangu, tayari nimejiandaa kuziba lile tundu, nikakuta foleni. Akina mama waliokuwa wanaogopa kuruka nyuma na stuli sasa wanaingia kwa mlango kama watu. Bwana Salimu anawaambia kwa sauti ya biashara, "Karibuni, hii ndiyo modeli mpya, yenye mlango!" Hakuniangalia, lakini jioni yake alinitumia sahani ya biriani.

Ile Landrova ilidumu mpaka masika ya mwaka uliofuata, halafu mvua ikairudisha udongoni. Gari ya kweli sijawahi kununua. Udereva niliishia wa trekta.

Picha iko ukutani kwa Mghoi. Sasa ni bibi wa watu, na wajukuu wakimuuliza kwa nini ana vumbi siku ya harusi, anawaambia, "Babu yenu Mwakio alinifungulia mlango."

Funzo ni hili tu, vijana wa vitofali. Taa bishaneni mtakavyo. Lakini hiyo Landrova yenu mpya ikifika, kabla hamjashangilia, angalieni kama milango inafunguka. Kuna siku mtu unayempenda atakuwa ndani.

Na kama nyumbani kwenu Voi kuna picha ya zamani, mzee ameketi kwenye Landrova yenye taa nne, tazama ubavu wa kulia. Ukiona mlango wenye kingo zimeparuzika, ni mkono wangu huo. Iwekeni hapa tuione, hata kama ndani kuna mbuzi.

Uwanja ni wenu, na wa Pembeni msianze tena.