Pikipiki Mbili za Evarista

Evarista alijifunza pikipiki kwa baba yake, mzee Yohane wa Mlandege, ambaye kazi yake ilikuwa kumpeleka padri vigangoni. Pikipiki ya misheni ilikuwa tustroki, ile ambayo oili huchanganywa na petroli humo humo tangini, yenye moshi wa buluu na mlio kama msumeno wa kupasulia mbao. Jumamosi mzee aliitoa uani, akamkalisha binti yake mbele, akamwambia, "Hii haitaki woga. Ukiipa mafuta kidogo kidogo inasinzia. Ukiipa kwa moyo mmoja inaruka. Kazi yako ni kujua wapi isinzie na wapi iruke."

Mama yake alisema mtoto wa kike ataumia. Hakuumia. Alipomaliza chuo cha mifugo na kupangiwa kazi Mbeya, mzee Yohane alikuwa amekwisha kuzikwa, na binti yake alikuwa anaweza kufungua kabureta na kuirudisha akiwa anaongea mambo mengine.

Kazini alipewa tustroki kuukuu, ya buluu, iliyochubuka tangi. Eneo lake lilikuwa vijiji vya juu kwenye milima ya Uporoto, kwenye viazi, pareto na mipaini. Barabara ya gari huko inaishia shuleni. Ukishapita shule ni vijia vya watu na ng'ombe, vyembamba, vyenye mizizi iliyojitokeza na udongo unaoteleza hata kwa umande. Alipanda huko na kasha la barafu limefungwa nyuma kwa mipira, ndani mna chanjo ya kideri kwa kuku na ya kichaa kwa mbwa.

Chumba alipanga Ilomba. Mumewe, Anania, alikuwa mnunuzi wa vitunguu Ruaha Mbuyuni. Mwanzo alikuja kila mwisho wa mwezi, baadaye akawa anakuja sikukuu, baadaye Evarista akasikia kwa watu kwamba huko Mbuyuni Anania ana mke na watoto wanaofanana naye hadi masikio. Hakwenda kugombana. Mashati yake yaliyobaki aliyafua, akayapiga pasi, akampa mtu wa basi ampelekee. Ndoa ikaisha hivyo, kama moto ulioishiwa kuni. Mtoto hawakujaliwa.

Milimani walimheshimu, wakamwita dokta, lakini hakuwa wao. Wenyewe walizungumza Kisafwa, yeye kwao ni Kihehe. Kiswahili kilitosha kwa habari za kuku na mbwa, hakikutosha kwa mengine. Alifika, akasalimia, akachanja, akashuka. Jioni aliosha pikipiki uani, akala, akasikiliza redio ya jirani kupitia ukuta, akalala. Akawa mtu wa hivyo miaka ikapita, na hakujiona ana shida.

Kisha ofisi ikaletewa pikipiki mpya. Ilikuwa fostroki, nyekundu, ndefu miguu, isiyotaka kuchanganyiwa kitu, na ya kuwashwa kwa kubonyeza. Frida, mkuu wake wa kazi, alimwita akamkabidhi ufunguo.

"Wewe ndiye unapanda mbali kuliko wote," alisema. "Ijaribu. Ile ya zamani iache kwanza hapo stoo, tutaona."

Evarista hakuiamini. Aliipeleka kwa Masumbuko, fundi wa pale Ilomba, ambaye kwa kweli ndiye mtu pekee aliyekuwa akizungumza naye kwa muda mrefu bila sababu ya kuku. Masumbuko aliizunguka, akaitikisa, akaisikiliza ikiunguruma.

"Dada Eva, hii ni ng'ombe wa kulimia," alisema. "Ile yako ni mbuzi. Mbuzi anapanda popote, ukimwangusha unamwinua kwa mkono mmoja. Hii inavuta kutoka chini kabisa, gia ya kwanza, taratibu, haizimi. Lakini ikikulalia, utamwita mtu."

"Nitamwita nani kule?"

Masumbuko alicheka, akidhani ni utani.

Basi akaijaribu. Wiki moja aliitoa ya buluu stoo akapanda nayo, wiki iliyofuata na nyekundu, njia ile ile, mzigo ule ule. Hakumwambia mtu kule juu, maana hakukuwa na wa kumwambia, lakini ilimpa raha aliyokuwa ameisahau. Kwenye kilima cha mipaini, chenye mizizi, ile ya buluu ilitaka mbio: ukilegea katikati inakaba, plagi inalowa oili, unashuka kuifuta kwa pindo la shati. Ukiikaza inaamka ghafla, gurudumu la mbele linanyanyuka, na moyo nao. Nyekundu ilipanda pale pale ikinguruma kwa chini, haina haraka, kama mama mjamzito kwenye ngazi. Evarista alifika juu hajatoka jasho, akahisi kama amedanganya.

Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kushuka. Tustroki ukiachia mafuta haikushiki, inajiendea, unabaki na breki tu, na breki zikishalowa ni za kuombea. Alishawahi kuingia nayo kwenye shamba la pareto la watu, akalala kwenye maua akitazama mawingu. Nyekundu ukiiweka gia ya kwanza na kuachia mafuta, injini yenyewe inashika, inakuteremsha kama mtu anayekushikilia kiuno. Mafuta nayo haikuyala sana. Kwa akili ya kawaida hapakuwa na mjadala.

Alipomaliza kuzijaribu, alimwambia Masumbuko, "Mpya ni bora. Ila siipendi."

"Kwa nini?"

"Imenyamaza mno."

Mvua za masika zilimkuta na nyekundu. Asubuhi moja alipanda kuchanja mbwa wa kitongoji cha mbali, akamaliza mchana, akarudi peke yake kwa njia ya msituni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Alikuwa anateremka vizuri, gia ya kwanza, mguu huku na huku, gurudumu la nyuma likapanda juu ya mzizi uliolowa, likateleza, pikipiki ikalala upande wa kulia. Haikuwa ajali ya kishindo. Ilikuwa kama kulazwa. Lakini mguu wake ulibaki chini, buti limenaswa kati ya kikanyagio na kisiki, na alipojaribu kuuvuta alisikia kitu ndani ya kifundo kikisogea mahali kisipotakiwa kusogea.

Alizima injini. Aliinua kwa mikono, pikipiki ikapanda kidogo, ikarudi. Akajaribu tena. Ile ya buluu angeisukuma pembeni kama kiti. Hii ilimtazama tu. Ekzosi ilikuwa inachemka karibu na paja lake, suruali ikaanza kunuka, akachota matope akaipaka ekzosi mpaka ikaacha kufoka mvuke. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa umerukia huko chini ya njia, anauona.

Aliita. Sauti iliingia kwenye ukungu ikakaa humo.

Alipochoka kuita alianza kufikiri ni nani atakayemtafuta. Frida atadhani amepumzika. Kaka yake kule Mlandege humpigia wakati wa misiba. Mwenye nyumba wake hajui zamu zake. Masumbuko atadhani pikipiki mpya haiharibiki ndiyo maana haji. Alipita kwa mmoja mmoja hivyo, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutokujua. Hakulia kwa sababu ya mguu. Alilia alipogundua kwamba hana hata wa kumlaumu.

Aliyemkuta ni mwanamke mzee, mwenye mzigo wa kuni kichwani na gunia amejifunika dhidi ya mvua. Alisimama, akautua mzigo polepole, akainama.

"Ni dokta," alisema, kama anamwambia mtu mwingine.

"Ni mimi, mama. Mguu wangu umekamatwa."

Mwanamke huyo aliurudia mzigo wake. Alichagua gogo refu katika kuni zake, akalipitisha chini ya pikipiki, akaliegemea kwa mwili wote. "Vuta," alisema. Evarista akavuta, akapiga kelele, mguu ukatoka. Wakakaa wote wawili kwenye matope wakihema.

"Unaitwa nani, mama?"

"Sekela. Nyumba yangu ile pale, ukivuka kibonde tu. Kuku zangu unachanjaga mwanzo kabisa wa mwaka."

Evarista alijaribu kukumbuka kuku hao, akakumbuka miiba ya uzio na mikono iliyowashika, sura hakuikumbuka. Aliona aibu.

"Leo sikukusikia kupita," Sekela akasema. "Siku nyingi sikusikii. Ile ya zamani ilikuwa inalia, naisikiaga ikiwa bado kule kwenye mipaini. Nabandika viazi. Nasema leo dokta atapita kula."

"Ulikuwa unanisubiri mimi?"

"Ee. Halafu unapita. Nasema ana haraka, ana kazi za watu. Nakula mwenyewe." Alisema bila lawama, akivunja kijiti. "Hiyo ya sasa haisemi kitu. Nikajua wamekuhamisha."

Miaka yote hiyo Evarista alikuwa akikaza mafuta kwenye kilima kile ili plagi isilowe, na ng'ambo ya kibonde kulikuwa na mtu anaongeza maji sufuriani. Alitaka kusema samahani, neno likaonekana dogo, akalimeza.

Sekela alikwenda kuita wanaume wa kitongoji. Walimbeba kwa machela ya miti na blanketi hadi shuleni, gari likamchukua. Kifundo kilikuwa kimevunjika mahali pabaya, wakakifunga kwa chuma. Akapelekwa kuuguzwa Mlandege kwa kaka yake.

Nyumba ile ilikuwa na watu wengi na hakuna aliyemfanyia ubaya. Wifi alimpikia, watoto walimwita shangazi, wanakwaya walikuja wakasali. Majirani walipita na "Kamwene" zao mlangoni, na masikio yake yakafurahi kusikia lugha ya nyumbani. Lakini alikuwa ameishi kwingine muda mrefu. Walizungumza habari za harusi asizozihudhuria na watu waliozaliwa baada ya yeye kuondoka. Wakicheka, alicheka nyuma yao kidogo. Alasiri alikaa kibarazani, mguu juu ya ndoo, akafikiria kumpigia Sekela simu, akakumbuka kwamba Sekela hana simu.

Kaka yake alimwambia, "Omba uhamisho urudi huku. Kule una nini?"

"Sijui," alijibu, na lilikuwa jibu la kweli. Uhamisho hakuomba.

Aliporudi kazini, Frida alimpeleka stoo. Pikipiki zote mbili zilikuwa pale, zimeegeshwa bega kwa bega, nyekundu ikiwa na mkwaruzo mrefu ubavuni.

"Chagua mwenyewe," Frida alisema. "Ukitaka ya zamani, hakuna atakayekulaumu. Nyingine nitampa mwenzako Brayson wa vijiji vya bondeni."

Moyo wake ulikwenda kwa ya buluu. Aliifuta vumbi, akafungua petroli, akaweka mguu wa kulia kwenye kiki, akakanyaga. Maumivu yalipanda hadi kiunoni. Alijaribu kwa mguu wa kushoto, akisimama upande wa pili, ikakataa. Alijaribu tena wa kulia, ikakohoa mara moja, ikatoa moshi wake, ikanyamaza, na yeye akashika ukuta, macho yakimtoka maji. Frida alitazama nje. Alikuwa mwanamke mwenye adabu.

"Nitachukua nyekundu," Evarista alisema baadaye. "Inawaka kwa kidole."

Safari yake ya kwanza kupanda hakubeba chanjo. Ilikuwa siku ya mapumziko. Alinunua chumvi, sabuni na majani ya chai, akapanda polepole, gia ya kwanza kilima chote, akaegesha karibu na uzio wa miiba, akabisha hodi.

Sekela alitoka akifuta mikono. Hakuonyesha mshangao wala furaha kubwa. Alimkaribisha jikoni, akamsogezea kigoda, akapokea vile vitu kwa mikono miwili na kuviweka juu bila kuvitazama. Moto ulikuwa mdogo, akauchochea, akabandika viazi. Ilibidi wasubiri viive. Evarista hakuwa na Kisafwa, Sekela Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika, na muda mrefu kilichosikika ni sufuria tu.

"Una watoto?" Sekela aliuliza mwishowe.

"Sina, mama."

"Mume?"

"Alikuwepo."

Sekela alitikisa kichwa taratibu. "Mimi ninao watoto watano. Wako Tunduma, wako Dar, mmoja sijui." Aligeuza kiazi kwa kijiti. "Kula. Bado vina moto, lakini kula."

Walikula kwa chumvi, wakimenya kwa vidole na kupuliza. Mvua nyepesi ilianza. Evarista alitaka kumweleza kuhusu baba yake, kuhusu mashati aliyoyapiga pasi, kuhusu siku ile kwenye matope alipowahesabu watu wake. Alianza, akasema, "Baba yangu alikuwa na pikipiki," kisha akaona ni mbali mno kufika, akapuliza kiazi chake. Sekela alisubiri kidogo, aone kama kuna zaidi, kisha akamwongezea kiazi.

Ukungu ulipoanza kuingia kupitia mlangoni, Evarista aliinuka. Sekela alimsindikiza mpaka kwenye uzio, akaigusa pikipiki kwenye mkwaruzo wake kwa ncha ya kidole.

"Utapita tena?"

"Nitasimama, mama. Si kupita."

Alishuka njia ile ile ya mipaini, injini ikimshika kwenye mteremko, mguu mbaya ukimuuma ndani ya buti. Alifika Ilomba giza likiingia. Aliosha matope, akafungua chumba, akakaa kitandani na koti lake la mvua bado mwilini, mfukoni mna viazi viwili ambavyo Sekela alimlazimisha kubeba. Redio ya jirani ilikuwa kimya siku hiyo. Alivila vikiwa vya baridi, kimoja baada ya kingine, pamoja na maganda.