Ponti Niliyoirudisha

Baba mdogo alikuwa na picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya baba yake akiwa amesimama kando ya gari la michezo la mzungu mwenye shamba la kahawa. Gari la viti viwili, bila paa, lenye pua ndefu. Kwa miaka miwili, barabara ya Fataki ikifungwa na kufunguliwa, wateja wakija na kupotea, aligonga mabati ya mapipa nyuma ya gereji yake mpaka yakachukua umbo lile. Injini aliitoa kwenye taksi iliyozeeka. Ilibaki ponti, yaani ekseli nzima ya nyuma na meno yake ya ndani, na tairi nne.

Baba yetu alikuwa ameshafariki. Dada yangu alipochumbiwa na kijana wa Mahagi, baba mdogo alitangaza mbele ya wakwe kwamba atampeleka kanisani ndani ya gari hilo, na kwamba hakuna mtu atakayelisukuma.

Kutoka kwetu Ngezi kwenda kanisani kuna mpando, mlima mkali. Nilipewa kazi ya kuchagua vipuri kwa sababu nilikuwa na diploma ya mitambo na sikuwa na kazi nyingine. Nilijaza kurasa kumi na moja za daftari kabla sijagusa chuma chochote.

"Enjenyeri," baba mdogo aliniambia, "karatasi haipandaka mulima."

Mama mmoja muuza vipuri alikuwa na ponti mbili zilizotoka Uganda, moja ya taksi na moja ya kamioneti, gari dogo la mizigo. Nilitaka yenye nguvu ya kupanda. Namna ya kuijua ni rahisi: unaweka alama ya chaki, unazungusha magurudumu mara moja, unahesabu kardani, ule mhimili unaotoka kwenye injini, unazunguka mara ngapi. Ukizunguka mara nyingi, injini inapata kazi nyepesi na gari linapanda. Ya taksi tuliizungusha pamoja, mimi upande huu na mama upande ule. Tatu na nusu. Ya kamioneti ilikuwa imelala chini, upande mmoja umezama kwenye udongo mgumu, basi nikazungusha upande uliokuwa huru. Mbili na nusu. Nilirudia mara sita.

"Mutoto yangu," mama alisema, "ata bibi ya kuoa, watu banachaguaka mbio kuliko hiyi."

Nikachukua ya taksi. Nilishangaa kidogo kwamba kamioneti inayobeba viazi ina ponti dhaifu kuliko taksi, lakini nilikuwa nimehesabu mara sita. Baba mdogo alifurahi, maana yeye alitaka mbio, na kwake taksi ndiyo gari la mbio.

Mshangao ule haukuniacha. Nilikula nao, nikaoga nao. Jumapili, katikati ya mahubiri, nikaona kosa langu waziwazi kama limeandikwa ukutani. Gurudumu moja likishikwa na la pili likazunguka peke yake, kardani inafanya nusu tu ya mizunguko yake. Ile mbili na nusu ya kamioneti ilikuwa tano. Nilijikuta nimesimama peke yangu, watu wote wameketi. Mama yangu akanivuta koti.

Kumwambia baba mdogo kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote. Nilimkuta Jumatatu chini ya gari, ponti ya taksi imeshafungwa.

"Baba mudogo, nilikosea hesabu."

Spana yake ikasimama.

"Umejulia wapi?"

"Kwa kanisa."

"Basi padri akuye atusaidie kufungula mabuloni."

Tukaifungua. Kwa yule mama tuliinua ponti ya kamioneti juu ya mawe na kuzungusha pande zote mbili pamoja. Tano na kidogo. Mama alinitazama akijipepea kwa kipande cha boksi. "Njo vile," alisema. "Umerudilia muchumba mwenye ulikatala."

Kwenye tairi tuligombana kweli. Baba mdogo alikuwa ameshikilia tairi pana za yule mama, zinazong'aa. Nilizibonyeza kwa kidole gumba: mpira ulikuwa umepasuka pembeni, weusi ule ulikuwa wa kupakwa. Nilitaka tairi nyembamba za kamioneti, ndefu, zenye mifereji ya kina.

"Siye tunatengeneza gari ya mbio ao ya viazi?" alisema. "Kwa foto, pine iko mipana."

Niliomba picha, nikaazima miwani ya bibi mzaa mama, nikaishika juu ya picha kama kioo cha kukuzia. Tairi za gari la mzungu zilikuwa nyembamba, karibu kama za pikipiki. Baba mdogo alitazama muda mrefu.

"Nilikuwa mutoto," alisema polepole. "Vyote vilikuwa vikubwa."

Asubuhi ya harusi mvua ilinyesha. Gari lilikuwa jekundu, na dada yangu aliketi kando ya baba mdogo akishikilia shela kwa mikono miwili. Mimi nilifuata nyuma kwenye moto, pikipiki yangu. Katikati ya mpando, pale penye matope mazito, shangazi za bwana harusi walitandaza kitenge barabarani. Ndiyo desturi: njia inafungwa mpaka wapewe chao. Katika kurasa kumi na moja nilikuwa nimefikiria mvua, kizuizi cha askari, hata shela kunaswa na gurudumu. Sikuwa nimefikiria shangazi.

Gari likasimama pale pale. Walipewa sabuni na vitenge, wakaimba, hawakuwa na haraka.

"Gari ya bati itatoka hapa?" mmoja akauliza. "Tunaweza kusukuma, tuko na nguvu."

Baba mdogo aliweka gia ya kwanza. Tairi ziliteleza nusu mzunguko, kisha zikauma udongo. Gari likaondoka polepole, bila kutetemeka, na shangazi wakaruka pembeni na kitenge chao. Injini iliimba sauti moja mpaka juu. Hakuna aliyeligusa.

Nyuma yake zilibaki alama mbili nyembamba kwenye matope, zimenyooka. Moto yangu mimi ilikwama, nikashuka kuisukuma, nikicheka peke yangu.

Mlangoni mwa kanisa baba mdogo alimshusha dada yangu mbele ya wakwe wote, kisha akanikaribia akijifuta mikono ingawa haikuwa na mafuta.

"Kesho kutwa kuya kazi kwa gereji," alisema. "Na ile daftari."