Beseni Chini ya Bati

Nyumba niliyopanga mtaa wa Iftin, nilipohamishiwa Garissa kufundisha, ilivuja kama chujio. Hata mtoto anajua msumari wa bati hupigwa juu ya tuta la mkunjo wake, ili maji yapite bondeni. Mwenye nyumba wangu, bingwa wa ujinga, alipigilia yote bondeni, eti huku mvua hainyeshi. Iliponyesha, nikampigia simu aje ajionee aibu yake. Akasimama katikati ya chumba, akatazama maji yakichuruzika juu ya kitanda changu, akasema, "Alhamdulillahi, mwalimu. Mvua imekuja." Nikangoja aombe radhi. Kumbe macho yake yalikuwa kwenye beseni nililokingia. Aliliinua taratibu, asimwage hata tone, akaenda kuwanywesha mbuzi wake.