Niliruka Mawe ya Baba

Kokoto zikisagika chini ya ndala, mate yananikauka kinywani. Hata leo, mgeni akipita tu uani kwangu hapa Ruashi nasimama kwanza, mkono kifuani. Msinicheke, nitawaeleza.

Nyuma ya kanisa letu padri alitengeneza njia ya kutembea na kusali. Alichomeka kigingi katikati, akafunga kamba, akazunguka nayo akimwaga chokaa, duara ndani ya duara, kisha akamwaga kokoto za kukanyagia. Alituambia kwamba zamani sana Wakristo walioshindwa kufika Yerusalemu walitembea njia ya namna hiyo kwenye sakafu ya kanisa, na hiyo ikawa safari yao. Haina njia panda wala haimpotezi mtu. Inajikunja na kujikunja mpaka ikufikishe katikati, halafu unarudi ulikopita. Sisi watoto tuliiita Matumbo. Mawe ya kutenganisha mizunguko yaliletwa na wachimbaji wa parokia. Baba yangu, aliyechimba shaba kwa mikono, alileta yake kwa baiskeli, yenye madoa ya kijani, akapanga safu nzima kati ya mizunguko miwili ya nje huku akipiga mluzi.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipokuja, shimo lilimfunika yeye na wenzake wawili, wanaume wakaanza kuwachimbua.

Mama hakulia. Alinishika bega, mimi wa miaka minane, mdogo wangu nikiwa nimembeba mgongoni. "Tutatembea siku tisa," akasema. "Kila siku mupaka katikati na kurudia. Musiruke majiwe hata mara moya. Tukimaliza, papa atatoka." Papa ndivyo tulivyomwita baba.

Jamani, tulitembea! Kila alasiri, kokoto zikiwa bado za moto, mama na rozari yake, mimi nyuma. Kila asubuhi nilimwuliza, "Mama, papa atatoka leo?" Alinijibu, "Tutembee kwanza."

Siku ya tisa mdogo wangu alinikojolea, mkojo ukateremka mpaka visiginoni. Ngurumo zilisikika upande wa Naviundu. Nilikuwa nimebaki nyuma, na pale mizunguko miwili inapitana karibu: ukiruka safu moja ya mawe, unajiokolea mzunguko mzima. Nilimtazama mama. Alikuwa amenipa kisogo. Nikaruka, na mawe yenyewe yalikuwa ya baba.

Jioni ile baba mdogo alikuja, akavua kofia, akasema shimo limefukiwa na kwamba pale ndipo kaburi. Majirani wakapiga yowe, viti vikapangwa uani, kilio kikaanza. Mficha maradhi, kilio humfichua, wanasema. Mimi kilio kilinificha vizuri kabisa. Watu wote walilia, nani angemwona mtoto anayetapika nyuma ya choo? Nilikuwa nimemuua baba yangu. Hakuna aliyeniambia, nilijua mwenyewe.

Sikuruka tena kamba na wenzangu, sikuruka hata dimbwi. Kwenye ungamo langu la kwanza nilimwambia padri nimeiba sukari, na sukari yenyewe sikuwa nimeiiba.

Mwaka jana nilikuwa nachambua mboga za lengalenga na mama, ikanitoka yote. Mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

"Mutoto wangu," akasema, "siku ya tatu baliacha kuchimba. Baba mudogo yako alinambia palepale, nikamuomba asiseme mupaka tumalize siku tisa. Nilijua papa yenu alikufa. Lakini kila asubuyi weye uliniuliza. Miye nikashindwa."

Nilimkasirikia, siwafichi. Nilisukuma beseni, majani yakamwagika chini. Siku sita nzima alinitembeza kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa, kisha akaniacha na dhambi isiyokuwapo! Mama aliinama akaanza kuokota majani, moja moja.

Ilinichukua wiki kurudi kwake. Wiki hiyo niliziwaza upya zile siku sita. Nyumbani kwetu baba alikuwa hai kwangu na kwa mdogo wangu, na amekufa kwa mama peke yake, naye ndiye aliyesonga bukari, ugali wetu, akatuosha miguu, akatupeleka kanisani. Mimi nilibeba kosa miaka yote ile. Yeye alibeba maiti. Tulipita njia moja, tumeachana hatua chache tu, na hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa mzigo umemwelemea.